Carmen: Historia ya Jina Moja katika Kitabu, Opera na Filamu

Kazi za sanaa zinazobeba jina moja ziko za namna mbili. Ziko zilizokutana kwa sadfa tu, kama nyimbo na filamu nyingi zilizopewa neno la kawaida la mapenzi au la msiba bila watunzi wake kujuana. Na ziko zilizorithishana jina kwa makusudi, ambapo kitabu kilizaa muziki, muziki ukazaa filamu, na filamu ikawarudisha watu kwenye kitabu wakitarajia kukuta humo mambo ambayo hayamo. Katika namna hii ya pili ni majina machache yaliyofika mbali kama Carmen, ambalo mwaka 1845 lilikuwa kichwa cha hadithi ya Kifaransa, mwaka 1875 likawa jina la opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa huku okestra ikisindikiza, na tangu enzi ya filamu bubu likawa jina la filamu kadha wa kadha katika Ulaya, Marekani na hatimaye Afrika. Kisa chenyewe ni kifupi: askari anampenda mwanamke mfanyakazi wa kiwanda cha tumbaku katika mji wa Seville, anaasi jeshi kwa ajili yake, na mwanamke anapomwambia kwamba mapenzi yamekwisha, anamuua. Kilichobadilika kila jina liliporithiwa ni mamlaka ya kukisimulia kisa hicho, kwa maana ya nani aseme, kwa lugha gani, na Carmen mwenyewe asikike kwa sauti ya nani.

Mwandishi wa kwanza, Prosper Mérimée, aliyezaliwa Paris mwaka 1803, hakuwa mtu wa kuishi kwa kalamu peke yake. Tangu mwaka 1834 alikuwa mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria ya Ufaransa, kazi iliyomzungusha nchi nzima akikagua makanisa yaliyobomoka na kuta za kale, na tabia ya mkaguzi, ya kutazama kwa makini bila kuonyesha moyo, iliingia katika nathari yake. Mwaka 1830 alisafiri Hispania na kujenga urafiki na familia ya bwana mmoja wa ukoo wa Montijo, ambaye binti yake Eugénie, aliyekuwa bado mtoto mdogo wakati huo, alikuja kuwa malkia wa Ufaransa alipoolewa na Napoleon III mwaka 1853. Mama wa binti huyo ndiye aliyemsimulia Mérimée habari za jambazi wa Málaga aliyemuua hawara yake, na miaka 15 baadaye, mnamo Mei 1845, Mérimée alimwandikia kumwarifu kwamba alikuwa amejifungia siku nane akikiandika kisa hicho, na kwamba, kwa kuwa siku hizo alikuwa akisoma habari za Waroma, amemfanya shujaa wake kuwa mwanamke wa jamii hiyo. Waroma ni watu ambao asili yao ni kaskazini mwa India na ambao walienea Ulaya karne nyingi zilizopita. Wenyeji wa Ulaya waliwaita Majipsi kwa kudhani kwamba walitoka Misri, wakawashuku, na mara nyingi wakawatesa. Kwa hiyo Uroma wa Carmen haukutoka kwa msimulizi wa Kihispania, bali ulipachikwa na Mfaransa aliyekuwa na vitabu mezani.

Hadithi ilichapishwa mnamo Oktoba 1845 katika jarida la Revue des Deux Mondes la Paris, ikiwa na sehemu tatu. Muundo wake unastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu ndio uliopotea katika takriban kazi zote zilizofuata. Msimulizi ni msomi wa mambo ya kale anayezunguka Andalusia, jimbo la kusini mwa Hispania, akitafuta mahali vilipopiganwa vita vya Munda vya Julius Caesar. Njiani anakutana na mtu mwenye bunduki ambaye baadaye anagundua kuwa ni jambazi anayesakwa, na katika mji wa Córdoba anakutana na Carmen, anayempeleka nyumbani kwake kumpigia ramli, na saa yake ya mfukoni inapotea. Miezi kadhaa baadaye anapita tena Córdoba na kumkuta yule jambazi, Don José, akiwa gerezani akingoja kunyongwa, na hapo ndipo José anasimulia maisha yake. Carmen kwa wakati huo amekwisha kufa. Karibu kila neno lake linalomfikia msomaji limepita kwanza katika kumbukumbu ya mwanamume aliyemuua, kisha katika daftari la mwanamume aliyeibiwa saa, na hakuna hata mmoja kati ya hao wawili ambaye ni shahidi asiye na kinyongo.

Licha ya minyororo hiyo, Carmen wa Mérimée ni mtu wa lugha kuliko alivyo mtu wa urembo. José ni Mbaski wa bonde la Baztan katika Navarra, mtu wa taifa dogo la milimani lenye lugha isiyofanana na lugha nyingine yoyote ya Ulaya, na anapopewa kazi ya kumpeleka Carmen jela baada ya ugomvi wa kiwandani ambamo mwanamke mwenzake alikatwa usoni kwa kisu, Carmen anamsemesha kwa Kibaski na kudai kuwa ni wa kwao. José anajua kwamba Kibaski hicho kina makosa, lakini masikio ya mtu aliye ugenini hayakagui sarufi, na kwa maneno hayo machache anamwachia atoroke. Kuanzia hapo koplo huyo wa jeshi la wapanda farasi anavuliwa cheo, anafungwa mwezi mmoja, anamuua luteni wake, anaingia katika kundi la wafanya magendo, anamuua García ambaye ni mume wa Carmen, na mwisho anamchoma kisu Carmen mwenyewe katika korongo lisilo na watu, anamzika kwa mikono yake, na kujisalimisha kwa askari. Hakuna umati unaoshuhudia na hakuna ngoma inayolia kwa mbali.

Hadithi ilipotolewa kama kitabu mwaka 1846, Mérimée aliongeza sehemu ya nne ambayo haina kisa chochote. Ni maelezo makavu juu ya Waroma wa Hispania, sura zao, ndoa zao na maumbo ya vitenzi vya lugha yao, yaliyotegemea kwa sehemu kubwa vitabu vya Mwingereza George Borrow, aliyeishi Hispania akisambaza Biblia. Wahakiki wengi wameiona sehemu hii kuwa kasoro. Hoja hiyo ina uzito, lakini ipo namna nyingine ya kuisoma: baada ya José kunyamaza, msomi anachukua nafasi na kumfunga Carmen kwa mara ya pili, safari hii si kwa kisu bali kwa uainishaji, na msomaji makini hawezi kukosa kuona ubaridi wa tendo hilo hata kama Mérimée mwenyewe hakulikusudia.

Mérimée alifariki mwaka 1870 bila kujua kwamba jina alilolichagua lingekuja kumezwa na muziki. Miaka michache baadaye jumba la Opéra-Comique la Paris liliagiza kazi mpya kutoka kwa Georges Bizet, mtunzi aliyezaliwa mwaka 1838, aliyeshinda tuzo kubwa ya vijana ya Prix de Rome mwaka 1857 na ambaye tangu hapo hakuwa amepata ufanisi wa kumtosha. Jina la jumba hilo lilikuwa pia jina la aina ya opera iliyochezwa humo, ambayo huchanganya nyimbo na mazungumzo ya kawaida yasiyoimbwa. Hadhira yake ilikuwa familia za tabaka la kati, na inajulikana kwamba wazazi waliyatumia mabanda yake ya watazamaji kuwakutanisha vijana waliotarajiwa kuchumbiana. Bizet ndiye aliyependekeza hadithi ya Mérimée. Mmoja wa wakurugenzi wawili wa jumba, Adolphe de Leuven, alishtuka kusikia kwamba mwanamke angeuawa jukwaani mbele ya hadhira ya namna hiyo, na pingamizi lake halikwisha mpaka alipojiuzulu mwaka 1874.

Maneno yaliandikwa na Henri Meilhac na Ludovic Halévy, mafundi wa vichekesho vya jukwaani, ambao walijua kwamba hadithi hiyo isingepita ilivyo. Walimwondoa yule msomi na saa yake, wakamfuta mume wa Carmen, wakambuni Micaëla, msichana mpole wa kijijini anayemletea José busu la mama yake, na wakamgeuza Lucas, mtu mdogo tu wa viwanja vya mapambano ya fahali katika kitabu, kuwa Escamillo, mpiganaji wa fahali mwenye wimbo unaojulikana hata na watu wasiowahi kuingia katika jumba la opera. Kifo kilihamishwa kutoka korongoni na kuletwa nje ya uwanja wa fahali, huku umati ukishangilia ndani. Mabadiliko haya kwa kawaida huelezwa kama ulegezaji wa ukali wa Mérimée, na kwa kiasi ndivyo yalivyo. Lakini kumwondoa msimulizi kulileta tokeo ambalo huenda waandishi hao wawili hawakulipima. Kwa kuwa hakuna tena mtu anayesimulia, Carmen anaingia jukwaani akiwa hai na kusema kwa kinywa chake, na kwa kuwa ni opera, anasema kwa muziki ulio bora kuliko wa wanaume wote wanaomzunguka.

Wimbo wake wa kwanza, unaoitwa Habanera, una historia inayofaa kusimuliwa peke yake. Habanera ni mtindo wa dansi uliopewa jina la mji wa Havana, uliokua nchini Cuba kutokana na dansi za Ulaya zilizokutana na midundo ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na ukavuka bahari kurudi Hispania kama fasheni ya mijini. Célestine Galli-Marié, mwimbaji aliyepewa nafasi ya Carmen baada ya Marie Roze kuikataa, hakuridhika na wimbo wa kuingilia aliotungiwa kwanza, na Bizet akauandika upya mara nyingi mpaka akachukua lahani aliyodhani kuwa ni ya kienyeji isiyo na mwenyewe. Kumbe mwenyewe alikuwapo: ilikuwa imetungwa na Sebastián Iradier, Mhispania aliyefariki mwaka 1865, ambaye katika maisha yake ya Paris alikuwa mwalimu wa uimbaji wa Malkia Eugénie, yule yule binti wa mama aliyempa Mérimée kisa. Bizet alipoambiwa, aliweka maelezo ya kukiri chanzo hicho katika noti zilizochapishwa. Bizet hakuwahi kufika Hispania, na wimbo ambao dunia nzima huutambua kuwa ni Hispania yenyewe ni dansi ya Cuba yenye damu ya Afrika, iliyopitia kwa mwalimu wa nyumba ya kifalme ya Ufaransa.

Mazoezi yalianza vuli ya mwaka 1874 na yalikuwa magumu. Wapiga ala walilalamika kwamba baadhi ya sehemu hazipigiki, na wanawake wa kwaya, ambao walizoea kusimama mstari mmoja wakimtazama kiongozi wa okestra, waligoma walipotakiwa kuingia mmoja mmoja na wawili wawili, wagombane, wavute sigara na papo hapo waimbe. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 3 Machi 1875, siku ile ile ambayo Bizet alitangazwa kutunukiwa nishani ya Légion d'honneur. Watu walipiga makofi katika sehemu ya kwanza, wakachangamkia wimbo wa mpiganaji wa fahali katika sehemu ya pili, kisha wakapoa, na kufikia sehemu ya nne ukumbi ulikuwa baridi. Magazeti mengi yaliishambulia tabia ya Carmen kuliko muziki wake, yakimwona kuwa ni mwanamke asiyestahili kuletwa mbele ya watu wenye adabu. Hata hivyo opera haikuondolewa. Iliendelea kuchezwa mbele ya viti ambavyo mara nyingi havikujaa. Usiku wa tarehe 3 Juni, miezi mitatu kamili baada ya onyesho la kwanza, Bizet alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Bougival, nje ya Paris, akiwa na umri wa miaka 36.

Ushindi ulitoka nje. Mnamo Oktoba 1875 opera hiyo ilichezwa Vienna, kwa Kijerumani, baada ya Ernest Guiraud, rafiki wa marehemu, kuyageuza mazungumzo ya kawaida kuwa resitativo, yaani maneno yanayoimbwa kwa mwendo wa kusema, na kwa sura hiyo ikaenea katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Mtunzi Brahms aliipenda, mtunzi mwenzake Tchaikovsky aliitabiria umaarufu mkubwa, na mwanafalsafa Nietzsche aliitumia mwaka 1888 kama fimbo ya kumchapia mtunzi Wagner, akidai kwamba alikuwa ameisikiliza mara 20. Opéra-Comique yenyewe iliirudisha jukwaani mwaka 1883. Tangu hapo kitabu kilianza kuishi katika kivuli cha mtoto wake, na neno Carmen likitajwa peke yake bila maelezo, anayefikiriwa ni yule anayeimba.

Filamu ilipokuja, ilikuwa bubu, na hivyo ikamrithi mwanamke aliyepata umaarufu kwa kuimba huku ikiwa haina uwezo wa kumwimbisha. Mwaka 1915 filamu mbili zenye jina la Carmen zilitolewa Marekani kwa kushindana: moja ya Raoul Walsh akiwa na Theda Bara, ambayo imepotea, na nyingine ya Cecil B. DeMille. DeMille alimtumia Geraldine Farrar, mwimbaji mashuhuri wa jumba la Metropolitan la New York, ambaye watu wengi walilipa kumwona akifungua kinywa pasipo kusikia kitu. Kwa kuwa haki ya kutumia maneno ya opera ilikuwa na wenyewe, mwandishi wa filamu alisema kwamba anafuata hadithi ya Mérimée, huku katika kumbi kubwa muziki wa Bizet ukipigwa chini ya pazia. Mbinu hii ya kukopa kitabu kisheria na opera kimoyo ilikuja kuigwa na wengi. Charlie Chaplin hakuchelewa kuzifanyia mzaha filamu hizo mbili kwa kichekesho kilichobeba jina hilo hilo, lakini kampuni ya Essanay, baada ya Chaplin kuondoka, ilikirefusha mara mbili kwa kubandika vipande vilivyokuwa vimetupwa, na Chaplin aliposhtaki alishindwa. Ujerumani ilitoa Carmen yake mwaka 1918, chini ya Ernst Lubitsch, na Ufaransa mwaka 1926, chini ya Jacques Feyder; zote mbili zilikielekea kitabu zaidi, kwa sababu zilikuwa hazina la kufanya na nyimbo.

Sauti ilipopatikana, haikuwa lazima iwe ya mhusika. Mnamo Desemba 1943 Oscar Hammerstein II alileta katika majumba ya Broadway, New York, mchezo ulioitwa Carmen Jones, uliobakiza muziki wa Bizet lakini ukahamishia kisa kwa Wamarekani Weusi wa wakati wa vita: kiwanda cha tumbaku kikawa kiwanda cha miamvuli ya kurukia kutoka ndegeni, mpiganaji wa fahali akawa bondia, na Seville ikawa kusini mwa Marekani na Chicago. Otto Preminger aliugeuza mchezo huo kuwa filamu mwaka 1954. Dorothy Dandridge, aliyecheza kama Carmen, alikuwa mwimbaji wa vilabu aliyejulikana, na Harry Belafonte, aliyecheza kama Joe, alikuwa njiani kuwa mmoja wa waimbaji mashuhuri wa dunia, ambaye baadaye, mwaka 1965, alirekodi pamoja na Miriam Makeba wimbo wa Malaika unaojulikana na kila mzungumzaji wa Kiswahili. Hata hivyo wote wawili walifungwa vinywa. Iliamuliwa kwamba sauti zao hazikuwa za kiopera, na nyimbo zikatiwa sauti za watu wengine: Dandridge akaimbiwa na Marilyn Horne, msichana wa Kizungu wa miaka ishirini, na Belafonte akaimbiwa na LeVern Hutcherson. Dandridge akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa nafasi ambayo nyimbo zake hazikutoka kinywani mwake. Mwandishi James Baldwin aliichambua filamu hiyo kwa ukali mwaka uliofuata, akiituhumu kwa kuwaonyesha watu Weusi katika ulimwengu safi usio na uhusiano na maisha yao. Nchini Ufaransa warithi wa waliotunga opera waliizuia isionyeshwe hadharani, na kizuizi hicho kilidumu mpaka mwaka 1981.

Miaka ya 1980 ilianza kwa mfululizo wa filamu zilizogombea jina hilo kana kwamba shamba la urithi lilikuwa limefunguliwa. Peter Brook alirekodi toleo lake lililofupishwa, Jean-Luc Godard akatengeneza Prénom Carmen ambamo muziki wa Beethoven ulichukua nafasi ya Bizet na ile Habanera ikabaki kupigwa mluzi tu, na Francesco Rosi akapiga opera nzima katika mandhari halisi ya Andalusia, Plácido Domingo akiwa Don José. Iliyo na uzito zaidi katika historia hii ni ile ya Carlos Saura ya mwaka 1983, kwa kuwa ndiyo iliyokabili moja kwa moja jambo ambalo Wahispania walikuwa wakinung'unikia kwa zaidi ya karne nzima, kwamba picha yao duniani ilichorwa na Wafaransa wawili. Filamu inaonyesha kundi la wacheza dansi wa flamenko, sanaa ya Andalusia iliyojengwa kwa kiasi kikubwa na Waroma, wakifanya mazoezi ya mchezo wa Carmen chini ya Antonio Gades. Wanasikiliza opera ya Bizet kutoka kwenye kanda, kisha Paco de Lucía anachukua gitaa na kuibadili lahani hiyo mpaka ikaliwa na mdundo wa kwao. Katika dakika hizo chache muziki wa Mparisi unafanywa malighafi, na hoja iliyochukua vitabu vingi kujengwa inamalizwa bila neno.

Afrika iliingia katika historia hii mwanzoni mwa karne ya 21, na iliingia kwa milango miwili isiyofanana. Mwaka 2001 Joseph Gaï Ramaka wa Senegal alitoa Karmen Geï, ambamo Karmen, aliyechezwa na Djeïnaba Diop Gaï, ni mfungwa katika gereza la wanawake kwenye kisiwa cha Gorée, na anayemwachia huru kwa kumpenda si askari bali ni mkuu wa gereza mwenyewe, mwanamke aitwaye Angélique, ambaye baadaye anajiua baharini. Askari Lamine anafuata, na arusi yake inavunjwa na Karmen anayeingia akicheza na kuwashutumu wakubwa wa nchi mbele ya wageni wao. Ramaka karibu alimwacha Bizet kabisa. Badala yake aliweka ngoma za sabar, zinazopigwa kwa mkono mmoja na kijiti kimoja, chini ya gwiji wake Doudou N'Diaye Rose, pamoja na saksafoni ya Mmarekani David Murray na waimbaji wa Kiserer na Kiwolofu. Filamu ilipata msukosuko Dakar kwa jambo ambalo Mérimée asingelifikiria: katika mazishi ya Angélique, aliye Mkristo, ulisikika wimbo wa kidini wa Wamuridi, wafuasi wa tarika iliyoasisiwa na Sheikh Ahmadou Bamba, na baadhi yao waliona kwamba kashfa imefanyika, wakaandamana mpaka filamu ikaondolewa ukumbini. Carmen aliyewaudhi Waparisi kwa sigara aliwaudhi watu wa Dakar kwa wimbo uliochezwa mahali pasipostahili, na mara zote mbili ugomvi haukuwa juu ya mauaji.

Mlango wa pili ulifunguliwa Afrika Kusini mwaka 2005 kwa U-Carmen eKhayelitsha, iliyoongozwa na Mark Dornford-May na kuchezwa na kundi la Dimpho Di Kopane, na ambayo mwezi Februari mwaka huo ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Hapa Bizet hakuachwa. Aliimbwa kwa Kixhosa, katika tafsiri iliyoandaliwa na Pauline Malefane, aliyecheza kama Carmen, pamoja na Andiswa Kedama, huku kisa kikiwekwa Khayelitsha, mtaa mkubwa wa watu Weusi ulio nje ya Cape Town. Kiwanda kikabaki kiwanda cha sigara, Don José akawa polisi aitwaye Jongikhaya, na Escamillo akawa mwimbaji wa opera aliyerudi nyumbani kutoka ng'ambo, jambo lenye ukweli wake katika nchi ambayo kwaya za makanisani na mashindano ya kwaya vimelea sauti zilizofika majumba makubwa ya dunia. Ndiyo maana opera hiyo haikuonekana kuwa nguo ya kuazima. Wanawake wa kiwandani wanaimba kama kwaya inayojuana, wakitembea na kufanya kazi, yaani wanafanya bila taabu kile ambacho kwaya ya Paris ilikigomea mwaka 1874. Malefane, aliyemfasiri Carmen, akamcheza na kumwimba kwa sauti yake mwenyewe, aliyashika mamlaka ya mhusika huyu kwa kadiri ambayo Dandridge alinyimwa.

Muziki wa kisasa nao ulidai fungu lake. Mwaka 2013 Stromae, mwimbaji wa Ubelgiji ambaye baba yake alikuwa Mnyarwanda aliyeuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alitoa wimbo ulioitwa Carmen, ambamo lahani ya Habanera inatumika kuonya juu ya mtandao wa Twitter, kama ulivyoitwa wakati huo, na namna ulivyowageuza watu kuwa wafuasi na bidhaa. Hakuna Seville, hakuna askari wala kisu. Limebaki jina, na mdundo ambao sasa ulikuwa umetoka Afrika hadi Cuba, Cuba hadi Hispania na Paris, na Paris hadi Brussels.

Kwa kuzilinganisha kazi hizi, opera ya Bizet haina budi kupewa nafasi ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyomtoa Carmen katika kumbukumbu ya muuaji wake. Kitabu cha Mérimée kipewe ya pili kwa kuwa ndicho pekee kinachoonyesha jinsi alivyofungwa humo. Na katika filamu, ya Khayelitsha na ya Saura zinazipita nyingine zote kwa mbali. Lakini upo upungufu mmoja ambao hakuna hata moja kati yao iliyouondoa. Jina hili limepita mikononi mwa Wafaransa, Wamarekani, Wajerumani, Wahispania, Wasenegali na Waafrika Kusini, na katika kazi zote zilizoelezwa hapa, waandishi, watunzi na waongozaji waliotajwa hawakutoka katika jamii ya Waroma ambayo Mérimée alimpachika Carmen. Aliyeikaribia ni Charlie Chaplin, aliyeandika katika tawasifu yake ya mwaka 1964 kwamba bibi yake alikuwa nusu Mroma, na ambaye kisa hiki alikifanya kichekesho.